Dhahabu ya Bezaleli, dhahabu ya Haruni

Somo: Kutoka 31:1–11, 32:1–6

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili sura hizi mbili tuzisome kwa pamoja. Katika ya 31 Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake, apate kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kukata mawe na kuchonga miti. Fundi anajazwa Roho kwa ajili ya ufundi! Sura inayofuata, Haruni anakusanya pete za masikio, anashika patasi, anatoka ndama. Dhahabu ni ya watu wale wale, na ujuzi upo pande zote mbili. Ila Bezaleli alifuata mfano ambao Musa alionyeshwa mlimani (Kut. 25:40), Haruni alifuata kelele za watu.

Nawaza kwaya zetu hapa Mbeya. Sisi Wamoraviani tumelelewa na nyimbo. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa ambalo tangu 1732, kule Herrnhut, Ujerumani, lilikwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kumwimbia Bwana aliyefufuka. Tarumbeta zikilia katikati ya makaburi jua halijachomoza, hata bibi asiyejua kusoma anajua kwa nini haogopi kufa. Amefundishwa theolojia pale, na mahubiri hayajaanza.

Siku hizi kwaya zinarekodi video, sare mpya, mashamba ya chai ya Tukuyu nyuma yao. Sizidharau hata kidogo. Kuna mgonjwa kitandani, kuna kijana wetu Dar es Salaam asiyekanyaga kanisani, na Neno huwafikia kwa simu tu. Wala vyombo si tatizo; Zaburi 150 imevitaja kwa wingi, na kucheza pia. Kinachoniuma ni wimbo mzima kuhusu adui zangu kuaibika, msalaba haumo. Tumeuliza kwanza kama watu watashangilia.

Paulo anasema tufundishane na kuonyana kwa zaburi, nyimbo na tenzi (Kol. 3:16). Basi mtunzi ni mwalimu, na kiitikio chake tunakwenda nacho shambani wiki nzima. Wazee wa kanisa, kabla kwaya haijaenda studio, kaeni na mtunzi, Biblia ikiwa wazi, msome naye beti zake. Msimwachie peke yake.

Ee Bwana, uliyemjaza Bezaleli, wajaze watunzi wetu, waimbaji na wapiga tarumbeta. Wape kukuona wewe kabla ya kutuona sisi. Amina.