Magufuli na Ganda la Korosho

Mtaje John Magufuli kijiweni Tandahimba au Newala, haichukui muda kabla mtu hajataja 3,300. Novemba 2018 wakulima waligomea bei za mnadani, naye akatangaza kuwa serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja kusomba magunia. Kwa wengi kusini, habari yake na korosho inaanzia hapo.

Ilianza mapema zaidi, maabara. Mwaka 2009 alipata shahada ya uzamivu ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na utafiti wake ulihusu mafuta ya ganda la korosho: namna asidi iliyomo humo inavyoweza kukinga chuma kisiliwe na kutu. Wakati huo alikuwa tayari waziri. Kabla ya siasa alifundisha kemia na hisabati sekondari ya Sengerema, akamaliza shahada ya kwanza 1988, kisha akawa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza kule Kanda ya Ziwa, nchi ya pamba, hadi alipoingia bungeni 1995. Mtu wa Chato, ukanda wa pamba, ndiye aliyeandika tasnifu juu ya zao letu. Nadhani hilo linastahili kufundishwa kwenye kila sekondari ya Mtwara na Lindi.

Mbanguaji yeyote anayajua mafuta hayo kwa vidole vyake; ndiyo yanayobabua ngozi, ndiyo maana hujipaka majivu au mafuta mengine kabla ya kugusa ganda. Yamejificha kwenye vitundu vilivyo kama sega, katikati ya ganda la nje na la ndani. Kilo 1 ya korosho ghafi ina takriban gramu 700 za ganda, na kati ya robo na theluthi ya ganda hilo ni mafuta. Yakitolewa bila moto, zaidi ya nusu yake ni asidi ya anakadi, iliyopata jina kwa mkorosho wenyewe, Anacardium occidentale.

Hapa ndipo wengi hukosea. Korosho zikikaangwa ndani ya mafuta ya nyuzi 180 hadi 200, asidi hiyo huachia hewa ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Kadanoli nayo ina soko, kwa rangi na kwa breki za magari, lakini haifai kwa kazi hii ya kukinga chuma. Anayetaka asidi huloweka maganda kwenye kimiminika kinachoyeyusha mafuta, kisha huyachuja. Mafuta yakipatikana huchanganywa na methanoli yenye maji kidogo na chokaa iliyozimwa, kwa joto la nyuzi 50 hivi, kwa saa 3. Chokaa hushikana na asidi, chumvi yake hutuama, huchujwa, huoshwa, kisha hutiwa asidi kali ili asidi ya anakadi iachie chokaa. Chumvi isipooshwa vizuri, kadanoli hubaki ndani na mzigo mzima unakuwa mchafu.

Molekuli ya asidi ya anakadi ina kichwa kinachopenda chuma na mkia wa kaboni 15 usiopenda maji. Chuma kikichovywa, vichwa hushika, mikia husimama nje kama makuti ya paa, maji yasipenye. Molekuli hujipanga zenyewe, tabaka moja tu. Lakini chuma kikiwa na grisi au kutu ya zamani, vichwa havishiki, tundu hubaki, na kutu huanzia hapo hapo. Tena mikia mingine ina viungo vinavyoipinda, kwa hiyo haibanani sawasawa. Hizi ndizo shida anazokutana nazo mtafiti, na hazitatuliwi kwa siku moja.

Sasa tazama mabati ya Mikindani na Lindi mjini, chumvi ya bahari inavyoyatoboa! Halafu kumbuka kwamba sehemu kubwa ya korosho yetu hupanda meli ikiwa ghafi, kwenda India na Vietnam. Kila tani 1 inaondoka na kilo 700 za maganda.

Ununuzi wa 2018 uliwalinda wakulima na bei mbovu, ingawa uhakiki wa kuwasaka kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya utaratibu, ulichelewesha malipo na wengine waliteseka sana. Pamoja na ununuzi huo aliagiza kiwanda kimoja cha kubangua Lindi kiwekwe chini ya jeshi. Kwangu agizo hilo lilikuwa na uzito kuliko bei. Bila kubangua hapa, ganda halibaki hapa.

Viwanda vyetu vinavyochemsha kwa mvuke vina nafasi nzuri kuliko vinavyokaanga kwa mafuta, kwa sababu joto lao ni dogo na asidi nyingi husalia. Maganda yake yasiishie kuwa kuni za boila. Yawekwe pakavu na yakamuliwe mapema, kabla mvua za Januari hazijayakuta uani.