Majibu "chini ya kikomo" katika vipimo vya tolueni: jinsi nilivyotatua

Sampuli 20 za hewa ya karakana ya rangi, zilizonaswa kwa mirija ya mkaa ili kupima tolueni (kiyeyusho cha rangi), na 8 zimerudi "chini ya kikomo cha ugunduzi" (kiasi kidogo kabisa ambacho maabara huweza kukipima). Kuzijaza nusu ya kikomo kulipotosha mtawanyiko.

Dawa yake katika R (programu ya takwimu), kwa kifurushi cha survival, ni Surv(kipimo, hali, type="left"), hali ikiwa 0 kwa hizo 8, kisha survreg yenye dist="lognormal"; ukiiacha hiyo, programu inachukua mgawanyo mwingine, wa Weibull. Kwenye hizo 8, kipimo ni kikomo cha mrija wenyewe: mikrogramu za maabara gawanya kwa lita za hewa, jibu ni mg/m³. Sampuli fupi ina kikomo kikubwa zaidi, usitumie kimoja kwa zote.

Wastani wa kijiometri ni exp(intercept), mtawanyiko wa kijiometri ni exp(scale). Ukipata 12 na 3, asilimia ya 95 (kiwango ambacho 95% ya vipimo viko chini yake) ni 12 × 3^1.645, karibu 73 mg/m³. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na kiwango cha kisheria, maana wastani unamficha anayevuta mvuke mwingi.