Upanga wa Baba Mwenye Nyumba

Nimepanga chumba kwa mzee wa Kiyoruba, mtu wa Nigeria, hapa Peckham, London. Watu wote wanamwita Baba, nami vilevile. Sebuleni, juu ya televisheni, umetundikwa upanga ndani ya ala ya ngozi iliyofumuka mshono.

Siku za mwanzo nilimwambia, "Baba, panga lako zuri." Akanitazama kama nimemtukana. Panga la kufyekea kwao ni àdá. Huu ni idà. Akauteremsha, akaufuta kwa kitambaa cha miwani. Makali pande zote mbili, mwembamba karibu na mpini, kisha unatanuka kama jani na kuchongoka nchani. Mimi mtu wa Arusha nikaona sime tupu ya Kimasai. Nilipomwambia, akauliza hao Wamasai wamemwibia nani.

Nikajitolea kuishona ala. Akakataa, akanipa methali yao: upanga unabomoa nyumba yake, wenyewe unajisifu kwamba unaharibu ala.

Upo wa pili, àgẹ̀dẹ̀ngbé, mrefu, umepinda, makali upande mmoja. Huo umebaki Ibadan, mji wa kwao. Tangu 2008 sheria ya hapa inakataza kuingiza upanga uliopinda wa sentimita 50 au zaidi. Vighairi vipo, vikiwemo vya zile zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi, ila Baba hana hamu ya kumsimulia mtu wa forodha habari za ukoo wake. Ukoo wenyewe, anavyodai, ulipigana Kiriji, vita vya Ibadan dhidi ya Waekiti na Waijesha vilivyoanza 1877. Kufikia hapo bunduki ndizo zilizokuwa zikiamua mambo, lakini hilo usimwambie.

Mwaka jana pauni 200 zilipotea kwenye upatu wetu, wao wanauita esusu. Mmoja akaapa kwa Biblia, mwingine kwa Kurani. Baba, ambaye Jumapili ni mzee wa kanisa, akauteremsha upanga na kuulaza mezani kando ya sufuria la wali. Chuma ni cha Ogun, mungu wa chuma wa Wayoruba, na hata mahakamani Nigeria, mtu wa dini ya jadi huruhusiwa kuapa kwa chuma. "Haya, shikeni mmoja mmoja."

Watu wakakumbuka basi la mwisho.

Kesho yake asubuhi tukakuta bahasha chini ya mlango. Baba akahesabu mara mbili. Zilikuwemo 180.