Kuzamia mtoni Mooloolaba kusaka konokono wasio na gamba

Ukisema unaenda Australia kuzamia na mtungi wa hewa kila mtu anajua ni Great Barrier Reef, yale matumbawe maarufu, mimi bwana nilienda kuzama mtoni. Mto wenyewe ni Mooloolah, unaingia baharini pale Mooloolaba, Queensland, maboti yanapita juu yako ndo maana lazima mwende na boya lenye bendera, chini ni mchanga na tope na mawe yaliyoota kila uchafu. Ila kwa konokono wa baharini wasio na gamba, hapo ndo mjini.

Shughuli yote ni saa. Unaingia maji yakiwa yamejaa na yamesimama, maana hapo mto umejaa maji ya bahari na unaona vizuri, yakianza kutoka tu yanashuka na tope la huko juu na mkondo unakuvuta, basi kwisha habari. Kina ni mita chache, kwa hiyo hewa ya mtungi inakaa sana na unatambaa taratibu kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka.

Wenyeji waliniambia usitafute konokono, tafuta msosi wake, maana wengi wanachagua, huyu sponji, yule haidroidi, wote viumbe wa baharini wanaoganda kwenye mawe. Hivyo ndo nikamkuta Goniobranchus splendidus juu ya sponji, mweupe, madoa mekundu, ukingo wa njano, na mgongoni matamvua yanachezacheza, hayo ndo anapumulia. Nikasogeza kamera karibu, mara hola, kayavuta yote ndani! Nikatulia, yakaanza kuchomoza tena.

Wenye vidolevidole mgongoni ndo wajanja zaidi, wanakula viumbe vinavyochoma halafu zile seli za kuchoma hawazimeng'enyi zote, wanazihamishia kwenye ncha za vidole ziwalinde wao. Wizi wa kiwango cha juu huo.

Picha zinaenda kwenye Sea Slug Census, yaani sensa ya konokono hawa, ilianzishwa 2013 na watu wa Southern Cross University, wazamiaji wa kawaida wanapiga na wataalamu wanatambua aina. Konokono hawa wengi hawamalizi mwaka, na watoto wao wanaelea na mkondo, kwa hiyo maji yakipata joto wanatokea kusini zaidi, upande wa baridi, fasta kuliko viumbe wengi. Hata picha iliyotikisika ina kazi, ilimradi useme wapi na lini.

Ukienda angalia ratiba ya maji kabla hujakata tiketi, na usishike chini hovyo, mito ya Queensland ina samaki jiwe na miiba yake haina utani.