Nilivyompatia Mama Yangu Daktari Mmoja Akiwa Makao ya Wazee

Mama yangu ana miaka 79, ana presha na sukari, na tangu mwaka jana anaishi katika makao ya wazee upande wa Karen, Nairobi. Alikubali mwenyewe kuhamia huko, baada ya kuanguka bafuni akiwa peke yake nyumbani kwetu Buruburu na kukaa sakafuni hadi kijana wa maziwa alipobisha mlango. Kaka zangu walipinga. Kwao, kumpeleka mzazi makao ya wazee ni kumtupa. Hayo tumekwisha kuyazungumza kifamilia na sitayarudia hapa. Ninaloandika ni lile lililoninyima usingizi baadaye: mzee akishaingia mle ndani, nani hasa anamtibu?

Watu wengi hudhani makao ya wazee ni hospitali ndogo. Sivyo. Kote nilikozunguka Nairobi nilikuta walezi wanaomwogesha mzee, wanaomlisha na kumpa dawa zake, pamoja na muuguzi, na daktari ambaye huja kwa ratiba au huitwa kukiwa na shida. Huyo daktari anatazama wazee wote na si kazi yake kufuatilia kila kidonge ambacho mmoja wao ameandikiwa huko nje. Kazi hiyo inabaki kwa familia, na sisi hatukuwa na mtu anayeifanya. Presha mama alikuwa akitibiwa hospitali moja kubwa ya jiji, sukari katika kliniki aliyoizoea tangu zamani, magoti kwa daktari wa mifupa aliyependekezwa na shangazi. Kila mmoja aliandika dawa bila kuona za mwenzake, na mlezi pale makaoni alizitoa zote kama zilivyoandikwa.

Mama akaanza kubadilika. Miguu ikavimba, akawa anasinzia mchana, usiku anaamka kila mara kwenda haja ndogo, na akisimama kizunguzungu kinamshika mpaka ashike ukuta. Siku moja aliniita kwa jina la marehemu dada yake. Nilipouliza, niliambiwa ni uzee. Mimi jibu hilo sikulikubali, na namsihi kila mwenye mzazi asilikubali upesi. Uzee hauji kwa wiki mbili. Mzee akibadilika ghafla, kuna kitu kimembadilisha, na mara nyingi kinatibika: maambukizi ya mkojo, kukosa maji, sukari kushuka, au dawa zenyewe.

Kutafuta daktari kulinichosha kuliko nilivyotarajia. Madaktari bingwa wa magonjwa ya wazee ni wachache sana nchini. Rafiki yangu ambaye ni muuguzi alinishauri niache kutafuta bingwa wa kila kiungo, nitafute daktari wa familia. Nilidhani ni jina lingine la daktari wa kawaida, akanieleza kwamba huo ni ubingwa kamili, wanasomea miaka kadhaa baada ya shahada ya kwanza, na Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Nairobi ni kimojawapo cha vinavyowafundisha. Kazi yao ni kumtazama mtu kwa ujumla wake, pamoja na nyumba anamoishi na watu anaoishi nao.

Nilipopata majina, kabla ya kulipa chochote niliyatazama kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari. Orodha hiyo iko wazi mtandaoni na leseni huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo unaona kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Baraza la wauguzi nalo lina orodha yake. Muuguzi wa makao nilimtazama huko na hakuona vibaya hata kidogo. Mahali ambapo wangenuna kwa swali hilo nisingemwacha mama.

Daktari tuliyempata ni mwanamke wa makamo, ana kliniki dakika chache kutoka makaoni. Nilijua tumempata tuliyemtafuta siku ile ya kwanza, kwa sababu alipita mbele yangu, akavuta kiti, akakaa upande wa sikio zuri la mama. "Shikamoo mama. Mimi nataka nikusikie wewe kwanza, huyu binti yako atanieleza baadaye." Mama, ambaye kwa madaktari wengine alikuwa akinyamaza na kuniachia maneno, alizungumza mpaka nikashangaa. Akasema mambo hata mimi sikuwa nayajua: kwamba dawa moja humkausha mdomo, na kwamba nyingine huiacha siku za kutembelewa ili asikimbilie choo mbele ya wageni.

Kisha daktari akaomba dawa. Nilikuwa nimeambiwa kwa simu nije na kila kitu anachomeza, hata cha kemisti, hata cha mitishamba. Nilikuwa nimezipakia katika kiondo. Akakimimina mezani, akaanza kupanga. Hakusoma majina makubwa ya pakiti. Kila moja aliigeuza na kutafuta maandishi madogo chini yake, lile jina la dawa yenyewe. Pakiti mbili zenye rangi tofauti, moja imeandikwa Norvasc na nyingine jina la kampuni isiyojulikana, akaziweka pamoja. "Hizi ni dawa moja. Amlodipini, ya presha. Anameza mara mbili ya kipimo alichotakiwa."

Halafu akaniunganishia mambo ambayo mimi niliyaona yamesambaa. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, hasa kipimo kikiwa kikubwa. Miguu ilipovimba, mtu mwingine alidhani ni maji mwilini akaandika Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini. Lasix ndiyo inayomwamsha usiku kwenda chooni na kumpunguzia maji mwilini, na hapo ndipo kizunguzungu. Kwa kuwa hakulala, akaongezewa Piriton usiku ili asinzie. Na Piriton, ambayo sisi sote tunainunua kemisti kwa mafua bila kufikiri, kwa mzee inaweza kuvuruga akili, kukausha mdomo na kumfanya ayumbe. Dawa ya kwanza ilizaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, nayo ilikuwa ikipandisha presha na kuumiza figo, ilhali presha ndiyo waliyokuwa wakiikimbiza kwa vidonge zaidi.

Alimpima presha amelala, kisha akamsimamisha na kumpima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ilishuka kutoka 150 hadi 122. Akanieleza kwamba ikishuka kwa 20 au zaidi mtu anaposimama, huyo yuko katika hatari ya kuanguka, hata kama presha yake ya kukaa inaonekana nzuri kwenye kadi. Huko kote tulikotangulia, mama alipimwa akiwa amekaa tu. Sasa hilo ni jambo la kwanza ninalouliza nikiona mzee anayumba.

Upande wa sukari alimwondolea glibenklamidi, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu na kwa mzee asiyekula sawasawa sukari inaweza kushuka usiku bila mtu kujua. Akamwachia metformini, dawa yake nyingine ya sukari, baada ya kipimo cha figo kurudi kizuri. Kuhusu HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, alisema mzee mwenye maradhi kadhaa hahitaji kubanwa kama kijana. Chini ya asilimia 8 kwake inatosha. Hakuna dawa tuliyoikata sisi wenyewe. Yeye alipunguza moja moja, kwa wiki kadhaa, akitaka aletewe vipimo kila baada ya mabadiliko. Kaka yangu mkubwa alikuwa akimletea mama unga wa mitishamba ya sukari kutoka soko la Gikomba. Daktari hakumgombeza, aliomba tu usitumike kwa sababu hakuna anayejua kipimo chake wala kilichochanganywa ndani. Kaka alielewa kuliko angenielewa mimi.

Lakini daktari mzuri bila makao yanayotekeleza ni kazi bure. Maagizo yake yalibidi yafike kwa mlezi wa usiku. Nilikwenda makaoni jioni bila taarifa, saa ya dawa, nikaomba kuona jinsi zinavyotolewa. Nilitaka kuona vitu viwili: chati ya dawa yenye sahihi ya anayetoa, na kwamba sahihi inawekwa baada ya mzee kumeza, si asubuhi kwa siku nzima. Kwa wazee wengi ilikuwa sawa. Ya mama ilikuwa bado na dawa zilizofutwa. Muuguzi mkuu aliiandika upya palepale, akaniomba kuanzia siku hiyo tusilete dawa mkononi kutoka kwa ndugu yeyote. Kila pakiti ipite kwake pamoja na maandishi ya daktari. Ombi la haki kabisa, nikalipeleka kwenye kundi letu la familia, na wote wakakubali kwamba mimi ndiye ninayezungumza na daktari na kila mwingine anapitia kwangu.

Nikauliza pia ya usiku. Nani yuko zamu saa nane? Ni muuguzi au mlezi? Ana mashine ya presha na ya sukari, na anajua kuzitumia? Nani anaamua ambulensi iitwe, au wanasubiri mpaka familia ipokee simu? Hili la mwisho lilihitaji mazungumzo marefu. Tuliandikiana kwamba mzee asipoamka, akianguka na kuumia kichwa, akishikwa na maumivu ya kifua, au mdomo ukipinda na mkono ukalegea, ambulensi inaitwa kwanza, sisi tunapigiwa baadaye. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, imebandikwa kwenye meza ya zamu. Hospitali ya kupelekwa tuliichagua mapema kwa umbali, kwa kuwa Ngong Road jioni haina huruma kwa mgonjwa. Na wote tunajua kwamba Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura, hivyo mzee asizuiliwe mlangoni kwa ajili ya amana.

Kuna karatasi moja ambayo naiona kuwa na thamani kuliko faili zote. Ina ukurasa mmoja: jina la mama, mwaka wa kuzaliwa, maradhi yake, dawa zake kwa majina yake halisi na saa zake, dawa zinazomdhuru, namba yake ya SHA (bima ya afya ya serikali), jina la daktari na simu zetu. Nakala moja iko kwenye faili la makao, nyingine nyuma ya mlango wa chumba chake, na kila ndugu ana picha yake kwenye simu. Dawa ikibadilika, karatasi inachapwa upya na tarehe mpya, ya zamani inachanwa. Mama aliposhikwa na homa ya mapafu wakati wa baridi ya Julai, daktari wa zamu hospitalini aliisoma kabla hajamwandikia antibiotiki, na hakuna aliyelazimika kukumbuka chochote kwa wasiwasi.

Malipo nayaeleza kwa ufupi. Bima nyingi za kibinafsi huweka kikomo cha umri kwa mwanachama mpya, na mama alikuwa amekipita. Tulimsajili SHA kwa *147#. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya serikali ya awali, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisha tu hospitali uliyoichagua ina mkataba nayo kabla hujaihitaji. Daktari wa familia tunamlipa kutoka mfukoni, tukichangiana, na zile pesa za dawa zilizopunguzwa zimesaidia kiasi.

Kilichomrudishia mama nguvu zaidi, kwa macho yangu, ni mazoezi. Mtaalamu wa viungo huja makaoni, anamfanya ainuke kitini bila kushika, akae, ainuke tena, kisha asimame kwa mguu mmoja huku ameshika meza. Mama mwanzoni aliona ni mchezo wa watoto. Sasa anawahimiza wenzake, na wazee kadhaa hufanya pamoja naye ukumbini baada ya chai ya saa nne. Daktari pia ndiye aliyegundua mtoto wa jicho, maana hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaiona ngazi vizuri. Jicho la kulia lilipasuliwa katika hospitali ya PCEA Kikuyu na alirudi siku ileile.

La kushoto litafuata, na bado tunatafuta vifaa vya kusikia ambavyo bei yake tunaweza kuimudu. Wiki ijayo nina miadi na daktari kuhusu hilo, na mama ameshaniambia nisiingie naye, atazungumza mwenyewe.