Upande B wa kaseti ya kaka

Kaka yangu mkubwa, ambaye katika miaka ya themanini alikuwa karani bandarini Mombasa, aliletewa na baharia mmoja kaseti ya dakika 90 iliyorekodiwa albamu mbili za Queen, kundi la roki la Uingereza: upande A ulikuwa na The Game ya mwaka 1980, na upande B Hot Space ya mwaka 1982. Upande A ulipigwa mpaka utepe ukaanza kuvuta sauti. Upande B ulipigwa mara mbili, labda tatu, kisha ukahukumiwa bila rufaa. "Hiyo ni disko," alisema kaka, na kwa kuwa nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na maarifa yangu yote ya roki yalitoka kwake, nami niliiita disko kwa dharau ileile kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwezi uliopita niliikuta kaseti hiyo ndani ya sanduku la nguo za marehemu mama. Redio kaseti yetu ilikufa zamani, hivyo nikaitafuta Hot Space kwenye simu na kuisikiliza usiku, taa zikiwa zimezimwa, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi na moja. Siku ya pili nikairudia.

Ili kuelewa ilivyopokewa, lazima kukumbuka Queen walikuwa nani kabla yake. Hawa ndio watu waliojivunia kuandika kwenye majalada ya santuri zao za miaka ya sabini kwamba hawakutumia sinthesaiza hata moja. Kila sauti ya ajabu uliyoisikia ilikuwa imetoka kwenye gitaa la mwenzao Brian May au kwenye makoo yao wenyewe. The Game iliuvunja mwiko huo, na ndani yake mpiga besi John Deacon, mtu mkimya kuliko wote, akatoa "Another One Bites the Dust", wimbo uliosimama juu ya besi peke yake na kufika namba moja Marekani. Ilikuwa kawaida kabisa waufuate mkondo huo. Walirekodi Munich na Montreux wakiwa na mtayarishaji Reinhold Mack, na santuri ilipotoka Mei 1982, upande wake wa kwanza ulikuwa karibu wote wa kuchezeka: besi, vinanda vya elektroniki, tarumbeta zilizopangwa na Arif Mardin, na gitaa likisubiri mlangoni kama mgeni asiyealikwa.

Marekani hali ya hewa ilikuwa mbaya kwa muziki wa namna hiyo. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu santuri za disko zilipolipuliwa kwa baruti mbele ya umati katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, Julai 1979, na chuki ile haikuwa ya muziki pekee. Ndani yake mlikuwa pia na dharau kwa watu weusi na kwa mashoga, ambao kumbi zao ndizo zilizouzaa muziki huo. Albamu ilifika nafasi ya 4 Uingereza, lakini Marekani ikaishia ya 22, na ziara ya mwaka ule ikawa ya mwisho kwa mwimbaji wao Freddie Mercury kuimba huko na wenzake. Hata Uingereza, katika onyesho la Milton Keynes Juni 1982, Mercury aliona haja ya kuwatuliza wasikilizaji kabla ya kupiga wimbo mpya, akiwaambia kwamba hawajaacha roki na kwamba hii ni santuri tu.

Kinachonishangaza ni kwamba ugomvi huo haukutuhusu hata kidogo. Sisi tulikulia katika mji ambao hakuna harusi isiyo na ngoma, ambao shangazi zetu walicheza chakacha hadi alfajiri na hakuna aliyeuliza kama muziki unaochezeka una akili. Kisha tukachukua kaseti ya baharia na kuihukumu kwa sheria za watu wa Chicago. Kaka alikuwa amesoma magazeti ya muziki yaliyoachwa melini, nami nilimsoma kaka. (Wakati huo hatukujua hata kwamba Mercury mwenyewe, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Sitadai kwamba Unguja inasikika ndani ya Hot Space. Haisikiki.)

Sasa niseme nilichosikia. "Staying Power" ina nguvu ambayo kaseti yetu iliyonakiliwa vibaya haikuweza kuibeba: besi inakimbia, tarumbeta zinakata, na Mercury anaimba kama mtu anayejua hasa nyayo za wachezaji ziko wapi. "Cool Cat", aliouandika pamoja na Deacon, umeimbwa wote kwa sauti nyembamba ya juu, polepole, na kwangu ndio wimbo bora wa albamu. Nina aibu kwamba nilikuwa nikiuruka. "Life Is Real", wa kumkumbuka John Lennon wa Beatles aliyeuawa Desemba 1980, bado unanilemea kwa maneno yake, ingawa kinanda chake ni kizuri. "Body Language" sikuupenda utotoni na siupendi leo. Kuondoa vitu vyote ni ufundi, lakini lazima kibaki kitu. Na "Under Pressure", walioimba na mwimbaji David Bowie na uliokuwa umekwisha kuwa namba moja Uingereza tangu 1981, umewekwa mwishoni kama kiungo cha mwili mwingine, wimbo mkubwa ambao hauna undugu na majirani zake.

Lakini wimbo niliorudia zaidi ni "Back Chat" wa Deacon. Inajulikana kwamba yeye na May walizozana juu yake, Deacon akitaka ubaki mkavu bila gitaa la kupaa, May akiona hauwezi kukamilika bila hilo. May alishinda. Kwa muda mrefu unasikia mdundo mtupu, besi na gitaa la kukwaruza linalopigwa na Deacon mwenyewe, kisha ghafla lile gitaa la May linapasuka katikati kwa sekunde chache na kuondoka.

Nilimpigia kaka simu na kumwomba ausikilize. Alinijibu kesho yake kwamba sekunde hizo za gitaa ndizo pekee zenye maana katika upande mzima. Nikamwambia zisingemshtua hivyo kama gitaa lingekuwepo tangu mwanzo. Akasema hiyo ni disko.