Mkusanyo wangu wa Sani: hapa ndipo ulipofikia

Kwa asiyejua ninachokitafuta: ni matoleo ya jarida la katuni la Sani, yale ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla televisheni haijaingia majumbani huku Bara. Naishi Mbeya, mtaa wa Soweto, na msako wangu mwingi naufanya kando ya barabara kuu ya Tunduma na kando ya reli ya TAZARA. Sababu ni kwamba majarida haya yalitoka Dar es Salaam yakaja huku mikononi mwa watu. Dereva, utingo, mwanafunzi anayerudi likizo, mfanyabiashara wa Kikinga aliyekwenda Kariakoo kufunga mzigo: walisoma njiani, wakashuka nalo, likasomwa na nyumba nzima na jirani, na huko huko likabaki.

Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ndiyo maana likaitwa hivyo: Sa ya mmoja, Ni ya mwingine. Katuni zilikuwepo kabla yao, maana Chakubanga wa Christian Gregory alishazoeleka kwenye gazeti la Uhuru. Ila kushika jarida mkononi, ukafungua, ukakutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi na Madenge mle mle, hilo kwetu watoto wa mikoani lilikuwa jambo kubwa. Wengi wao walitoka kwenye kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana kabisa. Baada yake wachoraji wengine waliwaendeleza, akiwemo John Kaduma. Ninachokusanya mimi, ukinibana niseme ukweli, ni kazi ya mikono hiyo.

Januari

Nimepata furushi Mwanjelwa kwa mama anayeuza karatasi za kufungia kwa kilo. Ndani ya magazeti ya juzijuzi kulikuwa na majarida kadhaa ya zamani, mengi hayana jalada. Mama ananijua sasa. Nikipita tu ananiita, "Baba, njoo uangalie vya kwako kabla sijawapa watu wa maandazi." Jalada ndilo linalochanika kwanza, na jalada ndilo lenye namba na bei. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwezi huu ilikuwa kujua kila nakala ni ya lini.

Njia niliyojizoeza ni hii. Kwanza naangalia mkono wa mchoraji. Ukikaa na kurasa muda mrefu unaanza kuijua mistari: anavyochora vidole, anavyokunja goti la suruali, anavyoacha sehemu nyeupe nyuma ya mhusika au anavyoijaza kwa vistari. Mkono ukibadilika huku mhusika ni yule yule, ujue umevuka mwaka. Pili ni bei za vitu ndani ya michoro yenyewe. Shilingi ilishushwa thamani vibaya mwaka 1986 na ikaendelea kushuka, kwa hiyo mhusika akiagiza chai na andazi, kiasi anachotoa mfukoni kinakusogeza karibu na mwaka husika. Tatu ni mambo ya dunia. Mhusika akizungumzia vyama vingi, hapo tuko mwanzoni mwa miaka ya 1990 au baadaye. Akiisifia Kamerun ya Roger Milla, hapo ni Kombe la Dunia la 1990. Nne, na hii ndiyo naiamini kuliko zote, ni hadithi za mfululizo. Ukurasa ukiishia "itaendelea" na mwingine ukaanza pale pale ilipokatika, nakala hizo mbili zimefuatana, na hakuna wa kunibishia.

Kwa njia hiyo furushi lote limepata nafasi yake kwenye daftari, isipokuwa nakala moja iliyoliwa na panya upande wa chini. Hiyo nimeiweka peke yake.

Machi

Mvua. Mwezi huu sijatafuta kitu, nimetunza tu.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa mzima mzima, pamoja na ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti. Gundi hiyo ikikutana na mwanga na hewa huigeuza karatasi kuwa ya njano, kisha ya kahawia, na mwisho inavunjika ukiikunja. Huwezi kulizuia kabisa, unalichelewesha. Mkusanyo wangu wote sasa umelala bapa ndani ya maboksi, gizani, mbali na ukuta wa nje kwa sababu ukuta huo masika hutoa jasho. Vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, naviomba kwa wauza viatu wa Kabwe na kuvibadilisha mara kwa mara.

Pini ndizo adui wangu mkubwa kuliko hata panya. Zinashika kutu, kutu inakula karatasi kuzunguka tundu, na kurasa za katikati zinachomoka. Nazinyanyua miguu taratibu kutoka ndani kwa kisu butu cha kupakia siagi, nazitoa, halafu napitisha uzi wa pamba kwenye matundu yale yale na kufunga fundo katikati. Seloteipu sitaki hata kuiona karibu. Gundi yake hugeuka kahawia na kuacha doa lisilotoka. Nakala zenye ukungu nazitoa nje siku kavu, naziacha kivulini mpaka zikauke kabisa, kisha napangusa kwa brashi laini nikiwa nimefunga pua na mdomo. Juani sianiki hata kidogo.

Mei

Nimeongea na mzee mmoja pale Sokomatola aliyekuwa akiuza majarida soko la Mwanjelwa la zamani. Alikuwa na shehena ya Sani, amezipanga kwa miaka. Soko lile liliungua mwaka 2006, na zote ziliteketea na meza yake. Alinitajia hadithi moja moja kutoka kichwani, nani alimtapeli nani, nani alikimbilia wapi. Nimeandika kila alichosema. Kuna mbili sijawahi kuziona popote, na kwa maelezo yake sasa najua zipo na zinaanza vipi. Nimempa shikamoo ya mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Juni

Hii lazima niieleze kwa kirefu.

Kuna hadithi ya Pimbi niliyokuwa nayo sehemu ya kwanza na ya pili, ya mwisho sina. Nimeiulizia Iringa pale Miyomboni, nimeiulizia Mafinga na Njombe, kila mtu anaikumbuka, hakuna aliye nayo. Dereva mmoja wa Coaster ya Kyela akaniambia kwamba kwa shangazi yake, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, ukuta wa chumba umebandikwa "magazeti ya akina Pimbi" tangu yeye mdogo.

Wenyeji wa nyanda hizi wanaijua habari ya kubandika magazeti ukutani. Juni hapa si mchezo, na Rungwe kuna unyevu mwaka mzima. Nyumba ya matofali mabichi au ya mianzi iliyokandikwa udongo hupitisha upepo kwenye nyufa. Unakoroga uji mzito wa unga, unapaka ukuta, unabandika karatasi tabaka juu ya tabaka. Upepo unakatika, vumbi la udongo linaacha kumwagikia kitanda, na chumba kinang'aa.

Tulifika mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Bibi alitupokea kwa chai na ndizi za kuchemsha, akasikiliza shida yangu yote bila kunikatisha, kisha akasema, "Haya mwanangu, ingia uone. Ila viatu vua."

Ukuta wa upande wa kitanda, kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa changu, ulikuwa Sani. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye reli, na kila aliporudi kutoka Dar es Salaam alikuja na toleo. Likishasomwa na kila mtu, analichambua na kulibandika. Na hakubandika hovyo. Alizipanga kurasa kwa mfuatano, kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, ili mtu aliyelala aweze kusoma hadithi kuanzia mwanzo. Bibi alinionyesha sehemu ya chini iliyofutika wino kabisa, karatasi imekuwa laini kama ngozi. "Hapo ndipo wajukuu walipojifunzia herufi. Kila mmoja kidole chake kilipita hapo."

Sehemu ya mwisho ya hadithi ya Pimbi ilikuwa mstari wa tatu, karibu na dirisha. Rangi ya chai ya rangi, moshi umepita juu yake, lakini kila neno linasomeka.

Karatasi iliyobandikwa kwa uji inaweza kubanduliwa. Uji hulainika kwa maji. Ukiweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu yake na kusubiri, ukapitisha kisu bapa kwa chini bila haraka, karatasi inatoka, na mara nyingi unakuta nyingine chini yake. Nilikuwa nimebeba kila kitu, pamoja na shuka la hadibodi la kuziba mahali nitakapopatoa. Nikamweleza bibi, nikamwambia na kiasi nitakachomwachia.

Alikataa. Hakukasirika, alikataa tu. "Huu ukuta aliubandika yeye. Ukitaka kusoma, soma mpaka usiku, chakula kipo. Kuubandua, hapana."

Nami nikaona ana haki, wala sikumsihi. Dereva alishika tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite kwa mlalo, maana ukimulika usoni moshi ule unang'aa na maandishi yanapotea. Nikapiga picha kila ukurasa mara mbili, moja nzima na moja ya karibu, nikiweka rula pembeni ili ukubwa halisi ujulikane. Tulimaliza giza limeingia. Bibi alikaa kitandani muda wote akitusimulia nini kinafuata kabla hatujafika, na hakukosea hata mahali pamoja.

Agosti

Tangu Tukuyu nimelipanga daftari upya. Zamani lilikuwa na safu mbili, "ninalo" na "sina". Sasa kuna safu ya "liko wapi". Sehemu ya mwisho ya Pimbi imeandikwa: Tukuyu, ukutani, mstari wa tatu, picha ninayo. Zile mbili za mzee wa Sokomatola zimeandikwa: kichwani mwa mzee, mwanzo tu. Kuna nakala ambayo mwalimu mmoja mstaafu wa Iringa hataki kuiuza kwa bei yoyote, lakini ameniruhusu kuisoma na kuipiga picha sebuleni kwake. Hiyo nayo imepata mstari wake.

Rafiki yangu anayekusanya stempu ananiambia huko ni kujidanganya, mkusanyo ni kile kilicho kwenye boksi lako. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Stempu inatosha kuwa nayo. Hadithi iliyokatikia "itaendelea" haijatimia mpaka usome inavyokwisha, na ukishaisoma haina tofauti kubwa kwangu kama karatasi yenyewe iko Soweto au iko kwa bibi. Ninachotaka ni kila hadithi iwe na mwanzo na mwisho, na kila ukurasa ujulikane ulipo ili mwingine aweze kuufuata.

Kwa hesabu hiyo mpya, mkusanyo umesogea sana. Hadithi nyingi za mkono wa Ndunguru nilizonazo sasa zina mwisho. Zilizobaki na mapengo makubwa ni za baada ya 1986, pale mikono ilipobadilishana, na hizo ndizo ngumu kuzipangia mwaka.

Kitu kimoja kinaniumiza. Msitu wa Sao Hill pale Mufindi ndio shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, na kiwanda cha karatasi kiko Mgololo, huku huku kwetu. Nyanda hizi zinatoa karatasi, halafu karatasi iliyobeba vicheko vya wazazi wetu inaishia kufungia karanga pale stendi. Mama wa Mwanjelwa nimemwambia atakachoniwekea nitamlipa mara mbili ya bei ya kilo. Amewaambia na wenzake, na sasa napigiwa simu mpaka kutoka Mbalizi.

Kilichopo mezani sasa

Picha za Tukuyu nazichapisha kwenye karatasi nene, seti mbili. Moja inaingia kwenye boksi, nyingine naipeleka kwa bibi kabla mvua za Novemba hazijaanza, wajukuu wapate kuzisoma. Zile kurasa za sehemu ya chini zilizofutika bado sijazipata kwingine. Kwa hadithi zilizo juu na chini yake, nakisia ni za 1987 au 1988.

Sheria inawataka wachapishaji wapeleke nakala za kazi zao Bodi ya Huduma za Maktaba, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya machapisho ya Afrika Mashariki. Nitashuka na treni nikiwa na orodha ya mapengo, siyo ombi la jumla la "kuna Sani?", kwa sababu mtunza maktaba ukimpa mwaka na mwezi unamrahisishia kazi.

Kabla ya hapo kuna Makambako. Dereva wa zamani wa malori ya Zambia ana sanduku la bati ambalo mkewe anasema halijafunguliwa tangu astaafu. Ufunguo umepotea. Fundi wa kufuli tumeshakubaliana naye, Jumamosi saa nne asubuhi.